Siku Nne na Mama Kwenda Nicodemus, Kansas

Mama ameondoka wiki iliyopita. Nimebaki na picha mia tatu na kitu kwenye simu, na daftari la mapishi ambalo kurasa zake za nyuma nilikuwa naandikia gharama. Naiandika safari yetu sasa kabla mwanangu Neema hajalichora lote.

Naishi Kansas City, upande wa Kansas, mwaka wa kumi na moja huu. Kanisani kwetu tumechanganyika, Wakongo, Warundi na sisi Watanzania wachache, na Februari moja mtu alisimama akasoma maneno ya mama mmoja aitwaye Willianna Hickman. Mama huyu alitoka Kentucky mwaka 1878 na mume wake mchungaji na watoto wao kwenda mji mpya wa Waafrika walioachiwa huru utumwani, magharibi ya Kansas. Walipofika, aliuliza Nicodemus iko wapi. Mumewe akamwonyesha moshi unaotoka ardhini. Watu walikuwa wanaishi kwenye mashimo waliyochimba. Willianna akaanza kulia.

Kile kilio hakikunitoka kichwani. Mama alipokuja kututembelea nikasema, hapa hapa, twende tukauone huo mji. Nikamsimulia habari yote jikoni. Akanisikiliza huku anachambua maharage, kisha akauliza: "Alilia siku ngapi?" Nikasema sijui. "Basi siku moja. Siku ya pili alifanya nini?"

Sikuwa na jibu.

Siku ya kwanza, Alhamisi 25 Septemba: Kansas City hadi Hays

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi, mama, chapati kumi na mbili na chupa mbili za chai. Mama aliamka saa tisa kuzikaanga kwa sababu haamini kwamba Marekani kuna chakula njiani.

Njia ni moja tu, barabara kuu ya I-70, unaelekea magharibi hadi uchoke. Kati ya Kansas City na Topeka ni ya kulipia, ila usihangaike kutafuta kibanda wala kushika chenji mkononi: kamera inapiga picha namba ya gari na bili inakufuata nyumbani. Baada ya Topeka kuna vilima vya majani vizuri sana, na baada ya hapo hadi Salina mama alilala.

Aliamka kwenye mitambo ya upepo, ile mirefu meupe inayozunguka polepole pande zote mbili za barabara. Akaitazama muda mrefu. Lakini kilichomshangaza zaidi kilikuwa uzio. Kuanzia karibu na Wilson unaona nguzo za ua wa ng'ombe ni za mawe, mawe marefu yaliyochongwa yakasimikwa wima, maili kwa maili. Nikamweleza kwamba walowezi walipofika hawakukuta miti ya kukata nguzo, wakapasua mawe ya chokaa yaliyokuwa chini ya udongo. "Kwa hiyo na kuni hakuna," mama akasema. Nikasema hakuna. Akanyamaza kilomita kadhaa. Nilikuja kujua baadaye alikuwa anapika kichwani.

Kisha akapiga kelele nikadhani nimegonga kitu. "Mtama! Mama Neema, simama, ule mtama!"

Ni kweli. Kansas ndiyo inayoongoza Marekani nzima kwa mtama, na mwishoni mwa Septemba mashuke yamekuwa mekundu kama udongo wa Dodoma. Nimepita njia ile mara nne nikaona rangi tu. Mama amezaliwa Ugogoni, wilaya ambayo leo ni Chamwino, na tangu pale hadi Hays alikuwa anakagua mashamba ya watu kama bwana shamba. Umepandwa karibu karibu mno. Huu mzuri. Huu umechelewa. Na mbona mfupi? Wa kwetu unampita mtu kimo, huu unaishia kiunoni. Nikamwambia wameufupisha ili mashine ivune.

Hays tulifika saa nane mchana. Eneo hili lilijazwa na Wajerumani waliotoka kando ya mto Volga nchini Urusi, walianza kuingia mwaka 1876, na chakula chao bado kipo: mkate wa kuoka uliojazwa nyama ya kusaga na kabichi, wanauita bierock. Dola 5 kila mmoja. Mama alikula mmoja na nusu akasema ni sambusa iliyonenepa.

Gharama za siku: mafuta dola 36, chakula 14, hoteli 89. Ukipiga simu hotelini wewe mwenyewe badala ya kupitia mtandaoni wanaweza kukupunguzia kidogo. Mimi walinipunguzia dola 8.

Siku ya pili, Ijumaa 26 Septemba: Ellis, pancha, na Nicodemus

Njia rahisi ya kutoka Hays ni kupanda kaskazini hadi Stockton kisha kushika barabara ya 24 kuelekea magharibi, lami mwanzo mwisho. Fuata hiyo. Mimi sikuifuata, kwa sababu nilitaka kuanzia Ellis.

Ellis ndipo treni ilipowashusha waanzilishi wa Nicodemus. Kundi kubwa la kwanza, watu mia tatu hivi kutoka Kentucky, lilishukia pale Septemba 1877. Akina Hickman walikuja majira ya kuchipua yaliyofuata. Walikwama Ellis wiki mbili kwa sababu watoto walishikwa na surua, na baadhi ya watoto wa msafara wakafia pale. Waliobaki wakapanda magari ya farasi wakasafiri siku mbili, barabara hakuna, wakiongozwa na dira na njia za kulungu na nyati. Tulisimama karibu na reli. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, ndefu isiyoisha. Mama aliuliza watoto walizikwa wapi. Sikujua hilo pia.

Kutoka hapo nikashika barabara za changarawe kuelekea kaskazini. Ramani ya simu ilisema saa moja. Baada ya dakika arobaini mtandao ulikata, na baada ya dakika arobaini na tano tairi la nyuma kulia likapiga pancha.

Spea lilikuwepo. Jeki ilikuwepo. Spana ilikuwa nyumbani, kwenye boksi la vitu vya Neema la kuchezea, nimeikuta juzi. Tukakaa. Upepo wa kule si wa mchezo, mlango ukiufungua unaondoka nao. Mama akatoa chapati.

Baada ya nusu saa likaja gari aina ya pikapu, mzee wa Kizungu mwenye kofia ya jua na mbwa. Hakuuliza tunatoka wapi wala tunafanya nini pale. Alishuka, akaitazama tairi, akarudi na spana yake. Alipomaliza akalijaza spea upepo kwa pampu ya gari lake. Nikampa dola 20 akakataa, nikampa chapati akachukua, akala palepale akiwa amesimama, akachukua ya pili.

Mama akanisukuma: "Muulize huu mtama ni wake." Ulikuwa wake. Basi pakawa na mkutano wa wakulima kando ya barabara, mimi mkalimani. Mama: nani anawinga ndege? Mzee hakuelewa. Nikamweleza kwelea, wingu la ndege linaloshuka na kumaliza shamba kwa asubuhi moja, na watoto wanaokaa juu ya kichanja na teo tangu alfajiri. Akasema yeye ndege hawamsumbui sana. Mama hakuamini. Mnaula vipi? Hatuuli, akasema, tunalisha ng'ombe, na mwingine unakwenda kiwandani kutengenezwa mafuta ya gari. Mama akanigeukia: "Gari linakula mtama?"

Yeye ndiye aliyetueleza barabara zile. Zote zimekatwa mraba, maili moja kwa maili moja, na kila mraba una mashamba manne ya ekari 160. Hicho ndicho kipimo cha sheria ya mwaka 1862: ukiishi kwenye ekari zako 160 miaka mitano, ukajenga na kulima, zinakuwa zako kwa ada isiyozidi dola 20. Na mwanamke asiye na mume, au mjane, aliweza kuandikisha kwa jina lake. Mama aliomba nirudie hiyo ya mwisho.

Mzee akakata shuke moja kwa kisu cha mfukoni akampa. Akatuelekeza tupitie Damar, kijiji cha watu wenye asili ya Wafaransa wa Kanada, kanisa lao la minara miwili unaliona kutoka mbali sana, kisha tutakutana na lami.

*Kwa atakayekwenda: jaza mafuta Hays au Hill City. Nicodemus hakuna petroli, hakuna duka, hakuna mgahawa. Pakua ramani kwenye simu kabla. Changarawe ikinyeshewa usiiguse. Na usiendeshe jioni, kulungu wanaruka barabarani. Na spana.*

Nicodemus tulifika saa saba na nusu. Usitarajie mji. Ni nyumba chache, miti, kanisa, ukimya, na vibao vya kahawia vya hifadhi ya taifa. Imekuwa eneo la kihistoria la taifa tangu 1996. Wakazi siku hizi ni wachache kiasi kwamba gari geni linajulikana. Majengo matano ya zamani yamesimama: makanisa mawili, shule ya 1918, ukumbi wa 1939, na nyumba iliyokuwa hoteli ya Zachary na Jenny Fletcher. Kiingilio bure. Piga simu kwanza, saa za kufungua hubadilika.

Ndani ya ukumbi kuna maonyesho, na mhifadhi aliyekuwa zamu alitupokea vizuri sana. Niliketi tayari kutafsiri habari za waanzilishi: mchungaji W. H. Smith, Mwafrika, na W. R. Hill, Mzungu dalali wa ardhi, waliounda kampuni ya mji Aprili 1877 na kusambaza vipeperushi Kentucky. Mama alisikiliza kwa adabu. Kisha akaanza ya kwake.

Maji walichota wapi? Mtoni, Solomon ya kusini, kisha wakachimba visima kwa mkono. Walipikia nini? Mabua ya alizeti, matawi ya mierebi ya mtoni, mavi makavu ya nyati. Mama akaitikia kwa kichwa. Mavi ya ng'ombe anayajua. Na wanaume? Wengi waliondoka kutafuta vibarua kwenye reli, wengine mbali sana, wanawake wakabaki kwenye mashimo na watoto. Nani alizalisha? Wao kwa wao. Emma Williams alifika na mimba vuli ile ya 1877, akajifungua ndani ya shimo mtoto wa kwanza kuzaliwa Nicodemus, akaitwa Henry. Na shule? Jenny Fletcher alifundishia kwenye shimo lake mwenyewe.

Mhifadhi akasema walifika Septemba, wamechelewa kupanda. Halafu likaja swali lililoniletea kazi. "Kwani Septemba kuna ubaya gani? Septemba ndiyo mwezi wa kukwatua shamba." Kwa Mgogo ni kweli: unasafisha, unachoma, unangoja mvua ya Desemba. Nikamweleza kwamba huku baada ya Septemba inakuja theluji. Mhifadhi akaongeza kwamba ngano hupandwa hasa wakati huu na kulala chini ya theluji hadi majira ya kuchipua. Mama akakunja uso, akafikiri. "Basi wangepanda ngano." Wangepanda, ila mbegu hawakuwa nayo, plau hawakuwa nazo, na farasi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Masimulizi ya pale yanasema Waosage waliokuwa wanatoka kuwinda waliwagawia nyama, ndiyo iliyowavusha. Baadhi ya familia ziligeuza kesho yake tu. Waliobaki, mwaka uliofuata, walichimbua ile mbuga kwa sepetu na majembe ya mkono.

"Kwa jembe la mkono," mama akasema kwa Kigogo, si kwa yeyote.

Reli nitaisema kwa ufupi kwa sababu inauma. Katikati ya miaka ya 1880 mji ulikuwa na maduka, hoteli na magazeti mawili. Wakapiga kura kutoa dhamana ya dola 16,000 ili treni ipite. Mwaka 1888 reli ikajengwa ng'ambo ya mto, kukaota Bogue, na wenye maduka wakahamia huko. Vihenge vya Bogue tuliviona njiani tunakwenda Hill City, virefu, vimejaa.

Tukiwa nje tunapiga picha, bibi mmoja alikuwa anatoa vitu kwenye buti la gari lake, mwenye asili ya pale, amekuja kuangalia nyumba ya ukoo. Mama alimkadiria umri, akampa shikamoo. Nikamweleza inavyojibiwa. "Marahaba," akasema, akaipenda, akairudia. Akatupa mfuko wa nyanya na bamia kutoka kwenye bustani ya nduguye. Mama alipoona bamia alifungua pochi, akatoa kifurushi cha mlenda mkavu ambacho mimi sikujua kama tunasafiri nacho. Bibi akanusa. Nikamwambia unateleza. "Kama bamia?" Zaidi ya bamia. Wakacheka wote wawili kile kicheko cha watu wanaojua kitu wengine wasichokipenda.

Yeye ndiye nikamuuliza habari za Willianna. Akasema watu wote husimulia kile kilio wakaishia hapo. Yule mama alizoea. Walikaa shambani kwao karibu miaka 20, wakija mjini kanisani na kwenye sherehe, na mabinti zake watatu wakawa walimu wa Nicodemus na vijiji vya jirani. Nikamtafsiria mama.

"Haya," mama akasema. "Sasa hapo umenipa habari."

Tulilala Hill City, dola 72, chumba safi, maikrowevu ipo. *Ukiweza, nenda wikiendi ya mwisho ya Julai: wazao hurudi kutoka kila jimbo kwa sherehe ya ukombozi, inayofanyika tangu 1878. Ila vyumba uvitafute miezi mingi kabla.*

Siku ya tatu, Jumamosi 27 Septemba: Colby

Mashimo ya Nicodemus hayapo tena, yamebaki mabonde tu, na mama alitaka kuingia ndani ya nyumba, siyo kuangalia picha ya nyumba. Tukaendelea magharibi zaidi ya kilomita mia hadi Colby, ambako jumba la makumbusho lina nyumba ya udongo wa mbugani. Hii ndiyo iliyofuata shimo familia ikipata nguvu kidogo: unapasua ardhi kwa plau maalumu, unakata mabonge yenye mizizi ya majani, unayapanga kama matofali, majani chini.

Kiingilio ni kidogo, nimepoteza risiti. Mama aliingia, akasimama katikati. Akaweka kiganja ukutani. Akapima unene wa ukuta dirishani, mkono mzima hadi kiwiko. Akatazama juu.

Ameishi kwenye tembe hadi usichana wake. Wasiolijua: nyumba ya Kigogo ni fupi, kuta za miti na udongo, na paa bapa la fito na udongo juu, ambalo unaanikia mtama na karanga. Nikasoma kibao: mvua ikinyesha siku moja nje, ndani hunyesha siku tatu, tena matope, mama wa nyumba alitundika shuka chini ya dari kuzuia mchanga, wadudu na nyoka wasidondokee chakula. "Shuka?" mama akasema. "Wenye mali hao. Sisi ungo, unafunika chungu." Akanionyesha kona ambayo angeweka mawe ya jiko, na akasema kitanda wamekiweka vibaya, hapo ndipo panapovuja. Familia ya watalii waliokuwa nyuma yetu ikakaa kimya kumsikiliza mwanamke asiyejua Kiingereza, wakidhani labda anafanya kazi pale. Baba yao akaniuliza mama anasema nini. Nilimtafsiria dakika kumi.

Jioni hotelini (dola 94, ghali, ndiyo barabara kuu) mama alinisimulia kitu ambacho nilikuwa nakisikia vipandevipande tangu utoto. Mwaka 1971, Operesheni Dodoma, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Lori liliwapakia na vyungu, mbuzi na mlango wa tembe, kwa sababu babu alikataa kuuacha mlango, likawashusha mahali palipopigwa mambo za viwanja na hakuna kitu kingine. Hakuna nyumba, hakuna kivuli. Babu alisimika ule mlango peke yake kwanza, ukasimama bila ukuta, watu wakamcheka. Tembe likaja baadaye.

Siku ya nne, Jumapili 28 Septemba: kurudi

Kilomita mia sita, mafuta dola 51, hakuna cha kusimulia hadi tulipoipita Hays.

Jumla ya safari nzima: dola 432 kwa watu wawili, pamoja na tairi la mtumba nililonunua Hays kwa 45. Bili ya barabara bado haijafika.

Tulipopita tena kwenye zile nguzo za mawe, jua likiwa nyuma yetu, mama alikuwa na shuke lake la mtama mapajani. Nilikwisha mwonya kuhusu mbegu na uwanja wa ndege. Nikamuuliza lile swali nililokuwa nalo tangu usiku. Mama yako, bibi yangu, siku ile lori lilipowashusha, alilia?

Mama alifikiri kweli kweli.

"Sijui," akasema. "Mimi nilitumwa maji. Niliporudi alikuwa ameshawasha moto."